Gobore, fataki na utata wa neno 'baruti'

Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Marekani amenunua nakala ya bunduki fupi ya Enfield ya 1861, iliyoundwa Italia. Akaniuliza: "Prof, sehemu zake tuziiteje kwa Kiswahili?"

Maneno tunayo tele. Hilo ni gobore, yaani bunduki ya kushindilia kupitia mdomoni. Mtutu huitwa pia kasiba. Ufito wa kushindilia ni mdeki. Kinachogongwa ili kuwasha baruti ni fataki. Si gumegume, kwani hilo hutegemea cheche za jiwe, na likipata unyevu hugoma. (Sishangai tukisikia mtaani 'mwanamume gumegume'!)

Kinachonitia wasiwasi ni 'baruti'. Gobore hutaka ile ya kale ya shura, makaa na salfa. Ukitia ya kisasa ya risasi za leo, mtutu waweza kukupasukia usoni. Wengi husema 'baruti nyeusi', lakini hata ya kisasa mara nyingi ina rangi ya kijivu iliyokoza au nyeusi! Mimi napendekeza 'baruti ya moshi', kwa sababu moshi ndio unaozitofautisha hasa.

Nami niliteleza. Nilimwambia 'asafishe' bunduki baada ya kuifyatua. Akaipangusa kwa mafuta tu. Masizi ya baruti hiyo huvuta unyevu, basi haikukawia kuota kutu. Ningesema 'ioshe': maji moto na sabuni siku iyo hiyo, uikaushe kabisa, ndipo upake mafuta.