Jahazi Linaloenea Mezani

Anayekaa ufuoni Shelly Beach, katika wadi ya Timbwani huko Likoni, Mombasa, huona mengi bila kulipa nauli. Meli za makontena zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini hupita mbele ya macho yake. Wavuvi hurudi na ngalawa na mashua zao. Nyuma yake, barabarani, matatu na tuktuk zinagombania abiria wa kwenda feri. Wengi wetu huviona vyombo hivi kuwa njia ya kufika kazini au kupata kitoweo, basi. Lakini kuna watu, waliotapakaa dunia nzima, ambao wakifika hapo wangetoa tepu ya kupimia na daftari, na wakirudi nyumbani wangeanza kukata kadibodi.

Hao ni watengenezaji wa modeli. Huchukua kitu halisi, kiwe gari, ndege, meli au nyumba, wakakijenga upya kikiwa kidogo na kila sehemu ikipunguzwa kwa kiasi kilekile. Wengi hawalipwi na mtu. Wengine hutumia miezi kadhaa ya jioni kwa chombo kimoja, kisha wakakiweka juu ya kabati na kuanza kingine.

Pwani haijakosa vitu vidogo vya kuchezea. Watoto wa Likoni wameunda magari ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye ndara zilizochakaa, malori ya mikebe, na vidau vya kushindanisha maji yanapojaa. Ufundi huo una heshima yake. Hata hivyo gari la waya likiwa na usukani wa kulingana na mkono wa mtoto, halina haja ya kulingana na gari lolote la kweli. Modeli inadai zaidi: inadai hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua tuktuk ya Bajaj RE, ile inayojaa mitaa ya Mombasa. Urefu wake ni kama mita 2.63, upana mita 1.3 na kimo mita 1.7. Mtengenezaji akichagua kipimo cha 1:24, maana yake kila sentimita 24 za tuktuk zinakuwa sentimita moja mezani. Atagawanya kwa 24 na kupata chombo cha urefu wa sentimita 11, upana sentimita 5.4 na kimo sentimita 7. Dereva mwenye kimo cha sentimita 170 atakuwa na sentimita 7 akisimama. Kioo cha pembeni, mpini, taa, na yale maandishi ya mzaha nyuma ya turubai, yote yagawanywe vivyo hivyo. Akikosea kimoja, jicho la mkaazi wa Mombasa litamshtaki mara moja, kwa sababu tuktuk ameipanda jana na juzi.

Matatu ni mtihani mkubwa zaidi, na pia wenye utamu zaidi. Kenya ina vijana, hasa Nairobi, wanaojenga mabasi ya mitaani kwa kadibodi na kuyachora michoro ileile inayovutia abiria. Aliye makini hujiuliza kwanza: matatu ya mwaka gani? Mstari wa manjano ubavuni uliletwa na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004. Modeli ya matatu ya miaka ya 1990 yenye mstari huo ni uongo, hata ikiwa imepakwa rangi kwa ustadi gani. Mambo madogo ya namna hii ndiyo yanayowakosesha usingizi watu wa fani hii, na ukweli ni kwamba wanakufurahia kukosa huko.

Kuchagua kipimo nako kunataka busara. Daraja la watembea kwa miguu la Liwatoni, lililowekwa juu ya maji mwishoni mwa 2020 ili kupunguza msongamano wa feri, lilijengwa kwa urefu wa takriban kilomita 1.2. Kwa 1:24 lingehitaji mita 50, yaani uwanja. Hata kwa 1:72 lingekuwa mita 16 na zaidi. Ukitaka lienee ukutani, itabidi ushuke hadi 1:700, ambapo linakuwa mita 1.7 na watu wa kulivuka hawafiki milimita 3. Ndiyo sababu wajenzi wa meli kubwa hupenda 1:350 na 1:700, na wajenzi wa magari hupenda 1:24.

Namba hizi za ajabu zina historia. Kipimo cha 1:72 kilitoka Uingereza, ambako inchi moja ilisimama badala ya futi 6. Ndege za plastiki za kampuni ya FROG zilitoka kwa kipimo hicho mwaka 1936. Airfix, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939, iliuza meli ndogo ya Golden Hind katika miaka ya 1950 kwa bei ambayo mtoto wa shule aliimudu, na tangu hapo fani ikaingia majumbani. Kipimo cha 1:35 kina asili ya kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitaka kutengeneza kifaru cha Panther cha Wajerumani chenye mota. Betri zilipopangwa ndani, kifaru kilitoka na ukubwa wa 1:35, na leo vifaru na askari wa plastiki wa dunia nzima hufuata kipimo kilichoamuliwa na betri.

Mtu wa Timbwani anaweza kuagiza vifaru hivyo. Lakini kwa nini ahangaike na vita vya Wajerumani wakati mbele ya mlango wake kuna vyombo ambavyo ni nadra kiwanda kuvitengenezea modeli?

Mafundi wa majahazi wa Lamu, wakiwemo wa kijiji cha Matondoni, hujenga bila ramani. Fundi hulaza mkuku, husimamisha mataruma, hutazama kwa jicho moja na kuamua. Vipimo vimo kichwani na mkononi mwake. Huko Lamu hutengenezwa pia majahazi madogo ya kuuzia wageni, na mengi yanapendeza sana. Tatizo ni kwamba mengi hayafuati kipimo kimoja: mlingoti hurefushwa ili chombo kionekane na madaha, tanga hupanuliwa, usukani hunenepeshwa kwa sababu mwembamba huvunjika. Kwa mapambo hakuna ubaya. Kwa anayetaka kujua jahazi lilikuwaje, ni msiba.

Msiba huo si wa kubuni, na mtepe ndio ushahidi. Hiki kilikuwa chombo cha Waswahili wa visiwa vya Lamu, Wabajuni hasa, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila misumari, kikiwa na tanga la mraba la mkeka na gubeti lililochongwa kama shingo ya ngamia. Kilibeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine kando ya pwani kwa karne nyingi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kikatoweka. James Hornell alipoandika juu ya mtepe na dau la Lamu katika jarida la The Mariner's Mirror mwaka 1941, alikuwa anaandika kuhusu chombo kinachokwisha. Zanzibar walipojenga upya mtepe kwa ajili ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib mwaka 2003, hapakuwa na mtepe unaoelea wa kuiga. Tegemeo likawa picha za kale, maandishi, na mifano midogo. Chombo kilichowahi kubeba shehena kilibaki duniani kwa msaada wa vitu vinavyoenea mezani.

Kuna jambo jingine ambalo kila mtoto aliyeunda kidau analijua kwa uchungu: ukipunguza jahazi kwa usahihi kamili na kulitia majini, litapinduka. Si kosa la fundi. Tuseme jahazi limepunguzwa mara 20. Urefu umegawanywa kwa 20, eneo la tanga kwa 400, na uzito kwa 8,000. Upepo wa kusi, hata hivyo, haujapungua hata kidogo. Uwezo wa upepo kulilaza jahazi umepungua mara 8,000, kwani eneo la tanga limepungua mara 400 na kimo chake mara 20, lakini uwezo wa jahazi kusimama tena umepungua mara 160,000, kwa kuwa uzito umeshuka na upana uliokuwa ukiusaidia umeshuka pia. Kwa upepo uleule, jahazi dogo limekuwa jepesi kupinduka mara 20 kuliko lile kubwa. Wanaoshindanisha modeli za matanga huongeza uzito wa risasi chini kabisa ya mkuku. Chubwi za wavuvi zinafaa vizuri. Ngalawa ina nafuu, maana matengo yake huishikilia pande zote mbili, na huenda ndiyo chaguo jema kwa anayeanza na anataka chombo chake kielee kweli.

Vifaa havihitaji kontena kutoka ng'ambo. Vijiti vya mishikaki hutoa milingoti na foromali. Kitambaa chembamba cha pamba hutosha kuwa tanga, na uzi wa kushonea unakuwa jarari na demani. Kadibodi ya maboksi ya dukani hujenga tuktuk nzima, ikilainishwa kwa puti na msasa kabla ya rangi. Mpira wa ndara zinazotupwa na bahari hukatika kwa wembe na kushika gundi. Ni mali ghafi ileile iliyopamba Flipflopi, jahazi la takataka za plastiki lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, likavishwa ndara zipatazo 30,000 na kusafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Mbao ndizo za kuchagua kwa makini. Kwa kipimo cha 1:50, mstari wa milimita moja kwenye ubao ni sawa na sentimita 5 za chombo halisi, kwa hiyo mbao zenye nyuzi nene hazifai hata zikiwa za bei. Wachongaji wa Changamwe, kwenye ushirika wa Akamba ulioanza mwaka 1963, wanazijua mbao vizuri sana, na vipande vinavyobaki kwa mchongaji wa twiga ni hazina kwa mjenzi wa mashua ya sentimita 30.

Gharama kubwa ni muda, na subira ya watu wa nyumbani wanaokuta msasa kwenye meza ya chakula.

Ipo pia adabu ya kupima. Ngalawa iliyolazwa ufuoni ina mwenyewe. Aombwe ruhusa kabla ya tepu kufunguliwa, na mara nyingi atatoa maelezo ambayo hakuna kitabu kilichoyaandika: nani aliichonga, kwa mti gani, kwa nini upande mmoja umewekwa kiraka. Kwenye feri na karibu na bandari mambo ni tofauti. Huko kupiga picha hovyo huweza kumletea mtu maswali ya askari, na Mtongwe iliyo jirani ina kambi ya jeshi la wanamaji. Afadhali kuomba kibali, au kukadiria kwa hatua za miguu na kuanza na vyombo vya mtaani.

Anayetaka kujaribu na aanze na tuktuk ya 1:24 au ngalawa ya 1:20, chombo ambacho anaweza kukirudia kila jioni na kukitazama tena pale anapokwama. Akimaliza, aandike chini ya kibao jina la chombo, kipimo alichotumia, tarehe, na mahali alipokipimia. Bila maandishi hayo, atakayeikuta modeli hiyo baada ya miaka 50 hataweza kuitumia kujenga chochote.