Amri ya upande mmoja: lini mahakama inaweza kuizuia serikali ya Juba

JUBA – Mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo akisikia amri mpya imesomwa kwenye televisheni ya taifa, swali lake la kwanza huwa ni kiasi gani kitalipwa Nimule. Swali la pili huulizwa na wachache: je, aliyetoa amri hiyo alikuwa na mamlaka ya kuitoa? Na kama hakuwa nayo, kuna mahali pa kuizuia kabla nyanya hazijaoza?

Sudan Kusini ilitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 15, 2016, na mwaka huo huo ikawa mwanachama kamili. Tangu hapo uamuzi wa serikali unaweza kupelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha na mkaazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu binafsi au kampuni. Mkataba haumlazimishi kwanza kupanda ngazi zote za mahakama za nyumbani kwake.

Haikuchukua hata mwaka mmoja. Mwaka 2017 Wani Santino Jada, raia wa Sudan Kusini, alikwenda Arusha kupinga namna wawakilishi tisa wa nchi yake katika Bunge la Afrika Mashariki walivyopatikana. Hoja yake ilikuwa fupi. Kifungu cha 50 cha Mkataba kinasema wawakilishi hao huchaguliwa na bunge la nchi, na si kuteuliwa na rais. Mahakama ilitoa zuio la muda wasiapishwe kabla kesi yenyewe haijasikilizwa. Baadaye bunge la Juba lilipiga kura, na bunge la nne la Jumuiya likaanza kazi Desemba 2017. Si haki kuitupia kesi hiyo lawama yote ya ucheleweshaji, kwani Kenya nayo ilikuwa haijachagua watu wake.

Zuio la muda na amri ya upande mmoja

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Zuio la muda hulinda hali isiharibike wakati kesi inasubiri. Kwa kawaida pande zote mbili huitwa na kusikilizwa kabla halijatolewa. Amri ya upande mmoja ni aina ya pekee: mlalamikaji husikilizwa peke yake, mlalamikiwa hajui lolote hadi apelekewe karatasi.

Mahakama hazipendi amri hizo, na sababu yake inaeleweka hata sokoni. Anayesikilizwa peke yake hushinda kila mara. Kanuni za mahakama ya Arusha zinasema ombi lisisikilizwe bila mwenzake kujulishwa, isipokuwa majaji wameridhika kwamba kufuata njia ya kawaida kutachelewesha mambo na kuleta dhuluma isiyoweza kurekebishwa. Hata hapo wanaweza kuweka masharti ya gharama, au kumtaka mwombaji atoe ahadi fulani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msafirishaji ana malori sita Elegu, upande wa Uganda, na afisa wa Juba ametoa waraka kwamba malori ya kigeni yasivuke bila kibali kipya. Kama yamebeba saruji, majaji watamwambia awajulishe wenzake kwanza, kwa sababu hasara ya kusubiri huhesabika kwa fedha na fedha hulipwa baadaye. Kama yamebeba samaki wabichi, au waraka unasema mzigo utapigwa mnada kesho, hoja yake ina uzito zaidi. Lakini lazima aeleze yote, hata yanayomuumiza. Kama alipewa notisi mwezi mmoja kabla akanyamaza, na serikali ikaja kulifichua hilo, amri huondolewa na huenda gharama zikamrudia yeye.

Kuna pia hali nyingine ya upande mmoja, nayo ni pale mlalamikiwa alipoitwa kihalali akakataa kufika. Hapo kesi inaweza kuendelea bila yeye, ingawa mlalamikaji bado atatakiwa kuthibitisha madai yake.

Wakubwa walipojibu

Zuio la mwaka 2017 lilikuwa na mfano wake wa awali. Novemba 27, 2006 mahakama hiyo hiyo ilizuia wateule wa Kenya wasitambuliwe, katika kesi iliyofunguliwa na Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake. Serikali za Jumuiya zilikasirika. Desemba mwaka huo huo, katika muda wa siku chache, zilirekebisha Mkataba: mahakama ikagawanywa ngazi mbili, sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa, na mlalamikaji akawekewa kikomo cha miezi miwili. Mwaka 2008 mahakama ilisema marekebisho hayo yalifanywa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo, lakini haikuyafuta.

Kikomo hicho cha miezi miwili ndicho kinachowaumiza wafanyabiashara zaidi ya kitu kingine chochote. Huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa au mlalamikaji alipoujua. Mwaka 2012 kitengo cha rufani kilisema mahakama haina uwezo wa kuurefusha. Anayetumia wiki tisa kuandika barua wizarani na kusubiri majibu amekwisha kuipoteza kesi.

Biashara nayo imewahi kushinda Arusha. Mwaka 2019 mahakama iliamua kwamba sheria ya Uganda ya ushuru wa bidhaa iliyotoza sigara zilizotengenezwa Kenya zaidi ya zile za Uganda ilikiuka Mkataba. Mlalamikaji alikuwa British American Tobacco Uganda.

Rais naye ana mipaka

Kwa Juba kesi nzito zaidi ni ya majaji. Julai 12, 2017, baada ya mgomo wa majaji, Rais Salva Kiir aliwafukuza majaji 14 kwa amri moja. Katiba ya Mpito ya 2011 inamruhusu rais kumwondoa jaji, lakini kwa sababu zilizotajwa na kwa mapendekezo ya chombo kinachosimamia utumishi wa mahakama. Mmoja wao, Malek Mathiang Malek, alikwenda Arusha, na Julai 2020 mahakama ikaamua kwamba uondoaji huo ulikiuka katiba na Mkataba.

Hukumu hiyo ilichukua takriban miaka mitatu. Mahakama ya Arusha haina polisi wake. Hukumu ya fedha hutekelezwa kwa taratibu za mahakama za nchi husika, na zilizobaki hutegemea serikali kutii.

Februari 2024 serikali ya Juba ilianzisha tozo mpya, zikiwemo za kufuatilia mizigo kwa njia ya elektroniki na za kusindikiza malori. Umoja wa Mataifa ulisimamisha udondoshaji wa chakula kwa ndege kwa sababu ya tozo hizo. Serikali ilizilegeza Mei, lakini ikasema kampuni zenye mikataba na kikosi cha kulinda amani zingeendelea kutozwa. Kwa msafirishaji aliyezijua Februari, wakati huo miezi yake miwili ya kwenda Arusha ilikuwa imekwisha.