Je, Wajua? Vidogo Vinavyotanda Mawe na Magogo

Vigoga ni vile vimimea laini vya kijani vinavyotanda penye unyevu. Livawoti ni ndugu zao, na kuvumwani ni kuvu na mwani walioungana kuwa kiumbe kimoja. Ukiwafuata wanaosaka vile adimu, utakutana na haya.

Livawoti ya mlima mmoja
Duniani kote, Herbertus borealis inajulikana kwenye mlima mmoja tu: Beinn Eighe, Uskoti. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ipo Norwei pia, hadi vinasaba vilipochunguzwa na ile ya Norwei ikabainika kuwa spishi nyingine. Moto ukishika mteremko ule, hakuna kwingine pa kuitoa.

Hazina iko makaburini
Uingereza ina takriban spishi 2,000 za kuvumwani, na zaidi ya 700 zimeonekana kwenye viwanja vya makanisa na makaburi yake. Sehemu za tambarare zisizo na majabali, jiwe la kaburi ndilo jabali lenyewe, tena halisumbuliwi na mtu. Na lina tarehe! Kuvumwani iliyoziba maandishi ya jiwe la mwaka 1750 haiwezi kuwa iliota kabla ya mwaka huo.

Kipima hewa kisicho na betri
Mwaka 1866 William Nylander, msomi mzaliwa wa Ufini, aliona kwamba bustani ya Luxembourg jijini Paris ilikuwa na kuvumwani zisizoonekana kwingine jijini humo. Sababu ni hewa ya bustani iliyokuwa safi zaidi, maana kuvumwani haina mizizi: hula kinachokuja na mvua na hewa, sumu ikiwemo. Lakini Lecanora conizaeoides iliupenda moshi wa makaa ya mawe, ikajaa kwenye miti ya miji ya Uingereza. Hewa ilipotakata, ikaanza kupotea, na leo kuipata ni kazi.

Wasafiri wasiolipa nauli
Vigoga vya jamii ya Splachnum huota juu ya kinyesi cha wanyama na kutoa harufu inayowavuta nzi, ambao hubeba spora zake hadi kwenye kinyesi kibichi kingine. Wengine hupanda ndege wa mbawa: mwaka 2014 watafiti walitangaza kukuta vipande vidogo mno vya mimea ya aina hii kwenye manyoya ya ndege wanaohama kati ya Aktiki na Amerika Kusini. Huenda ndiyo maana kigoga cha spishi moja huweza kuonekana karibu na ncha zote mbili za dunia, na katikati kisiwepo.

Tangi la maji juu ya miti ya Uluguru
Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, alipima msitu wa vilele vya Uluguru na kukuta vigoga, livawoti na mimea mingine iotayo juu ya miti ikifikia tani 14 kwa hekta, ikiwa mikavu. Mvua moja ikinyesha, hunasa hadi lita 50,000 katika hekta hiyo, sawa na matangi matano makubwa ya lita 10,000. Maji ya milima hiyo huingia mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam.

Ya maabara ilitoka pwani
Karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye asidi, asili yake ni rangi ya kuvumwani za jamii ya Roccella, zinazopenda upepo wa bahari. Karne ya 19 zilikuwa bidhaa ya biashara ya Zanzibar, zikisafirishwa kwenda kutia nguo rangi ya zambarau.

Usingizi wa miaka 1,500
Kigoga kilichochimbuliwa kwenye ardhi iliyoganda ya kisiwa cha Signy, Antaktika, kilichipua tena maabarani baada ya zaidi ya miaka 1,500. Kwa hiyo pale ramani inapoonyesha barafu tupu, pengine mmea upo, umelala.

Wataalamu wa kiwanda cha pamba
John Nowell wa Todmorden, Uingereza, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba wa karne ya 19 aliyechunguza vigoga, na jamii nzima ya livawoti, Nowellia, imepewa jina lake. Hadi leo sehemu kubwa ya ramani za vigoga nchini humo huchorwa na watu wa kujitolea: mraba wa kilomita 10 kwa 10, lenzi ya kukuza mara 10, na suruali iliyolowa magotini.