Mutuweli ya afya inaweza kukutoa lini?

Wandugu wakulima, kazi yangu ni mbegu na udongo, lakini hapa Bafwasende swali hili linarudi kila kipindi cha njaa, mbele ya mavuno: kama mchango umechelewa, mutuweli inaweza kufuta jina langu?

Mutuweli zinaongozwa na Sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Sababu za kumtoa mwanachama zinapaswa kuwa katika statuti, si katika kichwa cha prezida. Kwa kawaida ni kutolipa, kudanganya hesabu ya watu wa nyumba, ao kumwazimisha jirani kadi yako (hii ya mwisho iko mingi sana vijijini, tuseme ukweli). Kuugua kila mara si kosa. Ndiyo maana tunachanga.

Tena, kusimamishwa si kufukuzwa. Aliyechelewa mara nyingi anasimamishwa kwanza. Akilipa deni anarudi, hata kama atangoja kidogo mbele ya kutibiwa tena. Wakikuambia umetoka, omba barua yenye kutaja kifungu cha statuti, kisha peleka neno kwenye mkutano mkuu. Na risiti zako uzitunze mbali na mvua.

Mimi naona koperativi ikate mchango wa mwaka muzima siku ya kuuza mupunga, kwa ruhusa ya kila mutu, wakati franka ingali mkononi.