Kamera Inayoifuata Mbingu

Chukua kamera yenye lenzi ya milimita 200, ifunge juu ya tripodi imara, ielekeze kwenye Kilimia na uiache ipokee mwanga kwa nusu dakika. Picha itakayotoka haitakuwa na nyota hata moja, bali vistari vyeupe vilivyolala upande mmoja kama mvua ya upepo. Tripodi haikutikisika. Iliyosogea ni dunia.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Gawanya digrii moja ya anga katika vipande 3,600, vinavyoitwa sekunde za tao. Nyota iliyo juu ya ikweta huvuka vipande 15 hivi kila sekunde. Kwa lenzi hiyo, na pikseli zenye upana wa mikroni 4, kila nyota ya Kilimia huacha mkia wa pikseli 100 hivi katika ile nusu dakika.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1824 darubini ya Fraunhofer iliyopelekwa Dorpat, Estonia ya leo, ilikuwa na mtambo wa saa wa kuizungusha taratibu kinyume na mzunguko wa dunia. Mwaka 1880 Henry Draper, Mmarekani, aliweza kuipiga picha nebula ya Orion kwa dakika 51. Lakini mitambo hiyo ilikuwa mizito, ya kujengewa nyumba yake.

Mwaka 1975 Mskoti George Haig alichapisha kifaa ambacho seremala yeyote angekielewa: mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba, na bolti inayousukuma ubao wa juu. Kamera hukaa juu ya ubao huo. Bolti ya M6, ambayo hupanda milimita moja kwa kila mzunguko, ikitobolewa tundu lake milimita 229 kutoka kwenye bawaba, kazi inayobaki ni kuizungusha mara moja kwa dakika. Mtu huketi gizani na saa yake: robo mzunguko, sekunde 15, robo tena. Hakuna umeme, na nyota zinatulia. Kwa kuwa bolti imenyooka ilhali ubao huchora tao, kosa hujikusanya kidogo kidogo, kwa hiyo picha za dakika chache ndizo salama.

Vifaa vidogo vya mota vinavyouzwa leo huingia kwenye mkoba, ila navyo vina kasoro yake. Ndani mna skrubu inayosukuma gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 144, skrubu humaliza mzunguko kwa dakika 10 hivi, na kilema chochote kilichomo humo huiyumbisha nyota mashariki na magharibi, kisha hurudia yale yale.

Hata hivyo, picha nyingi haziharibiwi na gia, bali na mhimili ulioelekezwa vibaya. Mhimili wa kifaa lazima uitazame ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, na ukikosea digrii moja tu, nyota inaweza kuhama sekunde za tao 16 kwa dakika: pikseli nne kwa lenzi ile ile. Ulaya wanayo Nyota ya Kaskazini ya kulengea. Dar es Salaam nyota hiyo haichomozi kabisa, na ncha ya kusini iko digrii 7 tu juu ya upeo, chini ya upana wa ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso. Nairobi ni digrii moja na ushei, nyuma ya miti na paa za nyumba.

Hapo mpiga picha hutumia nyota yenyewe kama fundi atumiavyo timazi. Huchagua nyota iliyo juu ya kichwa, huitazama kwenye kioo cha kamera ikiwa imekuzwa, na ikitoroka kuelekea kaskazini au kusini, hugeuza kifaa kidogo kushoto au kulia. Kisha huhamia nyota iliyo chini upande wa mashariki, na safari hii hurekebisha mwinamo. Kazi hiyo yaweza kula nusu saa ya usiku mzuri. Baada yake Kilimia hupigwa tena, dakika mbili nzima, na nyota za pembeni mwa picha zikikuzwa huonekana duara.