Umewahi kuimba 'Aïcha'? Mfahamu Jean-Jacques Goldman, Mfaransa aliyeutunga

'Aïcha' ya Khaled unaijua, hata kama Kifaransa hukielewi. Wengi hudhani Khaled, nyota wa Algeria, aliutunga mwenyewe. Kumbe wimbo huo wa 1996 ni kazi ya Mfaransa Jean-Jacques Goldman.

Goldman alizaliwa Paris mwaka 1951. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, baba kutoka Poland na mama kutoka Ujerumani. Kabla ya umaarufu aliuza vifaa vya michezo katika duka la familia, huku akiimba na bendi ya Tai Phong.

Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake ilitoka 1981. Vijana walimpenda, lakini baadhi ya waandishi wa magazeti walimponda vibaya. Unajua alifanyaje? Alilipia tangazo gazetini, akachapisha maneno yao makali, kisha akawashukuru mashabiki kwa kuja kumsikiliza na kuamua wenyewe.

Kipaji chake kikubwa ni kuandikia wengine. Johnny Hallyday alimwandikia albamu ya 'Gang' mwaka 1986. Céline Dion naye alimwandikia 'D'eux' ya 1995, ambayo ndiyo albamu ya Kifaransa iliyouzwa kuliko zote. Céline alizoea kupaza sauti, ila Goldman alimtaka aipunguze, aimbe kama mtu anayeongea. Ndiyo maana nyimbo zile zinagusa moyo. Kazi nyingine aliziandika kwa majina ya bandia, watu wasijue ni yeye.

Mwaka 1985 mchekeshaji Coluche alianzisha Restos du Cœur, shirika la kuwapa chakula watu wasiojiweza. Alimwomba Goldman wimbo wa kuchangisha pesa, naye akautunga. Coluche alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka uliofuata, lakini Goldman hakuiacha kazi hiyo. Kwa miaka mingi aliwakusanya wasanii kwenye matamasha ya hisani ya Les Enfoirés, hadi alipong'atuka 2016.

Albamu yake ya mwisho ilitoka 2001, na ziara ya mwisho aliifanya 2002. Baada ya hapo akakaa kimya, akachagua kulea watoto wake mbali na kamera. Ajabu ni kwamba kwenye kura za maoni, Wafaransa wameendelea kumtaja mara kwa mara kuwa ndiye mtu wanayempenda zaidi nchini mwao.

Siku ukiisikia tena 'Aïcha', utajua nani aliyekaa na kalamu.