Anayekaa Nyuma ya Darasa

Barua inayompangia mwanachuo shule ya kufanyia mazoezi ya kufundisha huwa na kila kinachohitajika: jina la chuo, jina la shule, halmashauri, tarehe ya kuripoti na ya kumaliza, pamoja na ombi kwa mwalimu mkuu ampokee kijana na kumpa ushirikiano. Jina moja kwa kawaida halimo. Ni la mwalimu atakayekuwa naye darasani tangu siku ya kwanza, yaani mwalimu mlezi. Huyo hupatikana hukohuko shuleni, na mara nyingi ni yule aliyelemewa na vipindi, au aliyekuwapo ofisini barua ilipofunguliwa.

Nimefanya kazi ya ukufunzi katika vyuo vya ualimu vya Tanzania kwa miaka mingi. Nikiulizwa na mzazi, diwani au mwalimu mkuu ni nani hasa anayemtengeneza mwalimu mpya, jibu langu ni huyo asiyetajwa kwenye barua. Tumezoea kumpa uzito mtathmini anayefika na gari la chuo, fomu mkononi. Uzito huo umekaa pasipo pake.

Kwa msomaji ambaye hakupita chuoni, mambo huenda hivi. Mwanachuo husoma saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, upimaji, namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Kabla ya kukutana na watoto, hufundisha wenzake. Njia hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963: mtu anafundisha kipande kidogo cha somo kwa dakika chache, anatazamwa, anarekebishwa, anarudia. Vyuoni kwetu utamkuta kijana amesimama mbele ya watu wazima wenzake waliojifanya watoto wa Darasa la Pili, akawauliza mbili kujumlisha tatu ni ngapi, nao wakaitikia kwa pamoja, "Tano!" Zoezi hilo lina faida yake. Linaondoa woga na kunyoosha mwandiko wa ubaoni. Lakini mtu mzima hawezi kukosea kama mtoto anavyokosea, kwa sababu ameshasahau jinsi alivyokuwa hajui.

Ndipo yanapokuja mazoezi yenyewe ya kufundisha, yanayoitwa BTP (Block Teaching Practice): wiki kadhaa ndani ya shule yenye kengele, mstari wa asubuhi, mwalimu wa zamu na watoto halisi. Wazazi huwa na manung'uniko yao kuhusu kipindi hiki. Husema watoto wao wanafundishwa na wanafunzi. Hofu hiyo si ya bure, na inategemea kama kuna mtu mzima aliyekaa nyuma ya darasa au hayupo.

Lipo jambo ambalo watu hulisahau kuhusu mwanachuo anayeingia darasani kwa mara ya kwanza: haji mtupu. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alitoa kitabu kuhusu kazi ya ualimu ambamo alikadiria kuwa mhitimu wa sekondari nchini mwake amekwisha kukaa mbele ya walimu kwa saa zipatazo 13,000. Katika saa zote hizo alimwona mwalimu akiuliza, akisahihisha, akigeuka ubaoni. Hakuona mwalimu alichokuwa akifikiria. Hakujua kwa nini aliulizwa Asha na si Juma, wala kwa nini mfano ule ulitangulia. Kijana wetu naye ametoka dawatini, tangu darasa la awali hadi kidato cha nne au cha sita. Somo likimwendea vibaya, watoto wakianza kelele, mambo ya chuoni humtoka kichwani akabaki na yale aliyoyaona utotoni. Atajaza ubao nukuu na kusema, "Nakilini." Atatafuta fimbo. Atauliza, "Mmeelewa?"

Swali hilo la "Mmeelewa?" ni la kuogopwa kuliko yote, na nitaeleza sababu kwa kipindi kimoja cha Hisabati cha Darasa la Tano ambacho nilikitazama nikiwa nimekaa nyuma, kando ya mwalimu mlezi.

Mwanachuo, binti mchangamfu, alikuwa amejiandaa barabara. Andalio lake lilijazwa safu zote: hatua, muda, kazi za mwalimu, kazi za mwanafunzi, upimaji. Wasichana na wavulana waliosajiliwa na waliohudhuria, wote wameandikwa. Alikuja na duara za manila zilizokatwa vipande. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Akaandika ubaoni 1/2 + 1/3, mwandiko wa kupendeza, akatafuta asili ya pamoja, akapata 5/6. Akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Akatoa zoezi. Swali la kwanza lilikuwa 1/2 + 1/4.

Kwa fomu ya tathmini, binti yule alikuwa na alama zake: maandalizi, zana, sauti, mwandiko, kulimudu darasa. Mwalimu mlezi, mama mtu mzima aliyefundisha madarasa ya kati kwa muda mrefu, hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amejiinamia, anasoma madaftari ya watoto wa madawati ya mbele yake. Wengi walikuwa wameandika 2/6. Walijumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili.

Kipindi kilipokwisha, wakakaa nje ya ofisi ya walimu. Mama akafungua daftari moja.

"Mwanangu, huyu mtoto kafikiria nini?"

"Hajaelewa, mwalimu."

"Hilo si jibu. Kafanya nini hapa?"

Binti akaliangalia daftari. "Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini."

"Haya. Alikuwa na nusu. Akaongeza robo. Kapata 2/6. Hiyo 2/6 na nusu aliyoanza nayo, ipi kubwa?"

Binti akanyamaza, akahesabu moyoni. "Nusu ndiyo kubwa. Kaongeza, halafu kimepungua!"

"Basi kesho umuulize hivyohivyo, usimwambie jibu. Na zile duara ulizionyesha mara moja ukaziweka mezani. Kesho mpe yeye azishike."

Yalikuwa mazungumzo ya dakika chache tu, na mimi naamini binti yule alijifunza ualimu zaidi hapo kuliko katika muhula mzima wa mihadhara yetu. Mama hakugusa sauti wala mavazi wala mpangilio wa ubao. Alimtoa binti katika kujitazama, akamwelekeza kwa mtoto. Kila mwalimu mpya hujitazama mwenyewe: nimesimama vizuri, nimesikika, muda unanitosha? Hilo ni la kawaida na halina lawama. Ila haliondoki lenyewe. Linahitaji mtu wa kuligeuza, kila siku, daftari kwa daftari, mpaka mwanachuo aanze kuuliza mwenyewe mtoto kafikiria nini.

Mtathmini hawezi kuifanya kazi hiyo hata akiwa hodari namna gani. Anakuja mara moja au mara chache, kipindi ni dakika 40, na shule nyingine inamngoja kabla ya saa sita. Isitoshe, ujio wake mara nyingi unajulikana. Mwanachuo hurudia somo alilokwisha kulifundisha, na watoto, ambao huwapenda sana walimu wa BTP, humsaidia kwa moyo wote. Mikono inapaa hata kabla swali halijaisha. Kinachopimwa siku hiyo ni somo ambalo limekwisha kueleweka.

Utafiti nao unaelekea upande huohuo. Mwaka 2018 Matthew Ronfeldt na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa jimbo la Tennessee, Marekani. Waliona kwamba walimu wapya waliolelewa na walimu wenye viwango vya juu vya ufundishaji wakati wa mazoezi walifanya vizuri zaidi walipoanza kazi. Tennessee si Tunduru, na darasa lao halifanani na letu, ambalo mara nyingi limepita mbali uwiano rasmi wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Lakini sioni sababu ya kufikiri kwamba kijana wa Tunduru anamhitaji mlezi mzuri kwa kiasi kidogo kuliko wa kule. Kadiri darasa linavyofurika, ndivyo anavyohitaji mtu wa kumsaidia kuona.

Historia yetu wenyewe ina ushahidi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo, hivyo vijana waliomaliza Darasa la Saba walipelekwa kufundisha vijijini huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia. Ndio walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baadaye, ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002, madarasa yakafurika tena, na mafunzo ya walimu wa Daraja la IIIA yakawa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Zikaja shule za kata na walimu wa leseni waliopikwa kwa wiki chache, ambao mitaani waliitwa "voda fasta". Jina hilo liliwaumiza wengi waliokuja kuwa walimu wazuri.

Nimefanya kazi na watu wa makundi yote haya. Waliosimama imara ni wale ambao, walipofika kituoni, walimkuta mwalimu mzoefu aliyewavuta karibu, akawaachia waingie darasani kwake na yeye akaingia kwao. Waliofikia kwenye shule yenye walimu wawili, kila mmoja na darasa lake na mlango umefungwa, walijifunza kuishi na kazi. Kuifanya vizuri ni suala jingine, na wengi wao walibaki bila wa kuwaonyesha.

Sasa, kwa nini walezi wa namna ya mama yule ni wachache? Si kwa ubaya wa walimu. Mtathmini analipwa posho ya safari, mlezi kwa kawaida halipwi chochote, wala kazi hiyo haihesabiwi katika ratiba yake. Mwanachuo akiripoti, shule yenye upungufu wa walimu humwona kama mkombozi. Anakabidhiwa vipindi vyote, na mwenye darasa anakwenda kuziba pengo la darasa jingine. Simlaumu mwalimu mkuu anayefanya hivyo, maana ana watoto wasio na mwalimu. Lakini kijana anaachwa peke yake katika wiki ambazo angepaswa kutokuwa peke yake.

Sekondari hali huwa ngumu zaidi kwa masomo ya sayansi. Mwanachuo wa Fizikia hupangiwa shule ambayo haina mwalimu wa Fizikia hata mmoja, na kwa wiki hizo yeye ndiye idara nzima. Atalelewa na nani? Wapo wanaosema hapo hakuna la kufanya. Sikubaliani nao. Mwalimu wa Jiografia au wa Kiswahili aliyebobea hataweza kumsahihisha kanuni ya Ohm, lakini anaweza kukaa nyuma, kuona nani ameacha kuandika tangu dakika ya kumi, nani amenakili kwa jirani, na jibu gani limerudiwa na watoto wengi kwa kosa lilelile. Akimletea mwanachuo madaftari hayo na kumuuliza alichokifikiri mtoto, mwenye Fizikia atajibu mwenyewe.

Ninachokitaka kwa vyuo ni kidogo na kinawezekana. Jina la mlezi liwemo kwenye barua, baada ya chuo na mwalimu mkuu kukubaliana kwa kumtazama mtu anavyofundisha. Cheo chake kisiwe kigezo. Wiki ya kwanza mwanachuo asishike chaki, bali akae naye nyuma ya darasa na kuandika wanachofanya watoto. Baadaye apewe kipande cha somo, kisha somo zima, kisha siku nzima, na mlezi asiondoke darasani hadi mwisho. Sehemu ya maoni chini ya andalio la somo, ambayo wanachuo hujaza "Somo limeeleweka" kabla hata ya kengele kulia, ijazwe baada ya mazungumzo ya wawili hao. Na maoni ya mlezi yawe na alama kubwa katika matokeo ya mwisho, maana ndiye aliyeona.

Fedha nazo zipo ndani ya bajeti ileile. Mzunguko mmoja wa watathmini ukipunguzwa, posho na mafuta yake yanaweza kuwakusanya walezi wa kata mbili tatu kwa siku moja kabla wanachuo hawajaripoti. Siku hiyo isitumike kuwasomea mwongozo. Wapewe madaftari ya watoto yenye makosa ya kweli, wakae wawili wawili, mmoja ashike nafasi ya mwanachuo, mwingine amuulize maswali bila kumpa jibu, kisha wabadilishane. Wengi watashindwa mara ya kwanza, kwa sababu mwalimu hodari amezoea kutoa jibu. Warudie mpaka jioni, na wakufunzi tuwe tumekaa nyuma yao tunaandika.